Kinywaji cha Gari la Chacha

Jumatatu, 3 Juni

Nozeli za lori tena. Lori lile lile la mawe, mara ya pili mwezi huu. Dizeli ya kwenye madumu, imejaa mchanga, halafu dereva ananiuliza kwa nini linatoa moshi. Nimezisafisha, nimezipima, zinapuliza vizuri. Mgongo unaniuma.

Mchana kaja Chacha. Huyu mdogo wangu, tangu duara lake, shimo lake la kuchimba kule Nyakunguru, litoe dhahabu, haji mahali kimya kimya. Nilimsikia kabla hajakata kona ya gereji. Gari la bluu, la chini, lina tundu kwenye boneti na bawa nyuma. Limetoka Japani, likapitia Mombasa, likapitia kwa binamu yetu Mwita kule Isebania, ng'ambo ya mpaka. Kila balaa la Chacha hupitia kwa Mwita.

Ameleta na boksi. Ndani kuna tangi dogo la plastiki, pampu, mpira mwembamba, nozeli ndogo kama punje ya mtama, na taa nyekundu ya kuweka kwenye dashibodi. Anataka nimfungie. Kazi yake ni kupuliza maji yaliyochanganywa na methanoli kwenye hewa inayoingia kwenye injini. Turbo ikisukuma hewa, hewa inakuwa ya moto, na hewa ya moto inafanya injini igonge, mafuta yanalipuka ndani kabla ya wakati wake. Ukiipoza kwa huo ukungu, injini inatulia, na unaweza kuiongezea nguvu. Ndivyo Mwita alivyomweleza. Safari hii Mwita hajadanganya.

Na sababu yote ni kwamba anataka kumshinda Mwita huyo huyo kwenye lami ya Sirari. Basi. Hakuna nyingine.

Nilikataa. Akasema atamwachia Mwita afunge. Mwita hawezi kufunga hata ng'ombe kwenye kigingi. Nikakubali. Nimekasirika na nimekubali.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbili nasoma kwenye simu kila nikipata nafasi. Habari za pampu nazielewa, ni kazi yangu. Methanoli ndiyo inanitisha.

Ni nyeupe kama maji. Harufu yake unaweza kudhani ni gongo iliyopoa. Inapenya kwenye ngozi. Moto wake mchana hauonekani. Na ikiingia tumboni haifanyi kitu mara moja. Mtu anachangamka kidogo, analala, anaamka vizuri. Kisha inakwenda kwenye macho. Kidogo inachukua macho. Ikizidi inachukua mtu mwenyewe.

Hapo nimeparudia na kuparudia. Huku kwetu, ambako chochote cheupe kilicho kwenye dumu lazima kionjwe!

Nimeanza kufunga. Tangi nimeliweka nyuma, mbali na moto wa injini. Vali ya kuzuia, ili gari likisimama kimiminika kisije kikadondokea ndani kidogo kidogo na kujaza silinda. Nozeli nimeijaribu kwa maji, nje ya gari. Weito! Ukungu mwembamba, wa mviringo, hauna hata tone. Nimekaa miaka kwenye nozeli za matrekta sijaona kitu kizuri namna ile. Nachukia kwamba nimeipenda.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimemfundisha Chacha. Mchana, juani, makusudi. Nimemimina methanoli kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikawasha kiberiti, nikamwambia aniambie anaona nini. Akasema kiberiti kimezima. Nikasogeza gazeti juu yake. Likawaka lenyewe hewani.

Nilitegemea aogope. Amecheka mpaka kashika magoti. Anauita moto wa wachawi. Akaenda kuwaita mafundi wa gereji za jirani waje waone.

Nimempa masharti. Nusu maji, nusu methanoli, isizidi hapo. Glavu na miwani wakati wa kujaza. Asijaze injini ikiwa ya moto. Asikae na sigara karibu. Kichujio cha nozeli kisafishwe kila wiki. Taa nyekundu ikiwaka maana yake ukungu haufiki, aondoe mguu kwenye mafuta hapo hapo, asisubiri. Na nimeunganisha waya wa usalama: ukungu ukikatika, turbo inashushwa nguvu yenyewe, injini isiyeyuke.

Na kubwa kuliko yote: isikae kwenye chombo cha kunywea wala dumu la mafuta ya kula. Nimeitia rangi nyekundu ya keki, nikaichuja kwa kitambaa, nikapima tena nozeli, haijaziba. Sasa inaonekana si ya kunywa. Dumu lake nimelifungia kwenye kabati la vyuma, ufunguo ninao shingoni.

Jioni nimemsikia Chacha barabarani anawaambia watu: gari langu linakunywa pombe. Nimetoka nikamgombeza mbele za watu. Akasema, "Dada, punguza presha, ni utani tu."

Najua ni utani. Lakini mtu anaweza kuuamini. Nimekosa raha.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda Nyamwaga kwa wazazi. Nyumbani baba tunamwita Tata. Amekasirika na amenuna wiki ya tatu hii. Chacha amepata dhahabu, hajaleta hata ndama. Kaleta kelele. Alipita siku moja na gari lile, kuku wakatawanyika, hakushuka hata kuamkia. Hajarudi tena. Mama anasema Tata huamka asubuhi anatazama barabara, kisha anasema hamtazamii mtu.

Nimewatetea wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Nikamwambia Tata gari ni zuri, nimelifunga mwenyewe. Akaniuliza kama ni kweli linakunywa pombe. Utani umeshafika Nyamwaga kabla yangu! Nikamwambia si pombe, ni sumu, ni dawa ya injini. Akacheka. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na kopo la sukari la Mama, limeandikwa SUMU, ili wajukuu wasiliguse. Na chupa yake ya asali, imeandikwa SUMU kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba nzima ya wazazi wangu ni sumu tupu, na wote tumekula humo tukanenepa.

Kabla sijaondoka alisema neno. Mali iliyotoka ardhini haipandwi hivi hivi. Lazima ibarikiwe, la sivyo inamla mwenyewe. Mwambie mura, kijana wangu huyo, alete hilo gari, nitalibariki.

Nimefurahi njia nzima. Nilijua hiyo ni namna yake ya kusema Chacha amrudie.

Alhamisi, 13 Juni

Tumejaribu gari kwenye lami, mapema kabla magari hayajawa mengi. Chacha anaendesha, mimi nimeshika simu iliyounganishwa na injini, nasoma joto. Turbo ikaamka, pampu ikalia nyuma yetu, joto la hewa likashuka mbele ya macho yangu. Injini haikugonga hata kidogo. Nikafunga mpira kwa kibanio makusudi kuujaribu waya wa usalama. Taa ikawaka, nguvu ikaanguka. Kila kitu kimetii.

Chacha akaomba nitoe ule waya, eti utamchelewesha. Nimemwambia akiugusa asinijue tena. Amekubali, kwa mdomo. Nitaukagua.

Amefurahi kuitwa nyumbani. Hakusema amefurahi. Aliniuliza tu avae shati gani.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho ndiyo baraka. Wazee wameitwa. Mama amepika amarwa, pombe yetu ya mtama, chungu kikubwa, nyumba nzima inanukia.

Mwita kapiga simu, anakuja moja kwa moja kutoka Isebania, analeta methanoli mpya. Nimemwambia asilete, iliyopo inatosha. Akasema, "Sista, relax, ni kitu ya kushow wazee vile gari inakunywa." Nikamwambia basi angalau aitie rangi. Hana rangi. Nikamwambia aandike SUMU kwa herufi kubwa. Akasema sawa.

Nimekata simu ndipo nikakumbuka rafu ya Tata. Nimempigia tena, hapatikani. Mtandao wa mpakani. Nimetuma ujumbe: usilitoe dumu kwenye gari lako mpaka nifike. Haujaonyesha kusomwa.

Nitaondoka mapema.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike yote sasa, nikingoja nitaandika uongo.

Pancha njiani. Nilipofika wazee walikuwa wameshakaa mlangoni pa zizi. Gari la bluu limesimamishwa hapo hapo, pua imeelekea ng'ombe. Boneti wazi. Mwita ameinama anaonyesha vijana nozeli. Chacha ndani, kwenye usukani. Wanawake sisi upande wa jikoni, ndivyo ilivyo, pale zizini wakati wa baraka mwanamke hakanyagi.

Nikaliona dumu. La njano, la mafuta ya kula, kama yale yale yanayotumika kuvusha gongo kutoka ng'ambo. Chini, karibu na mguu wa Tata. SUMU, kwa kalamu nene. Mwita alitii.

Tata alipaswa kuchota amarwa. Ndivyo anavyobariki kila kitu, ng'ombe, jembe, kijana anayesafiri: anakunywa funda la kwanza, la pili anapuliza juu ya kile anachokibariki. Mwenye kubariki na mwenye kubarikiwa wanakunywa kimoja. Na hili gari, kila mtu kamwambia, lina pombe yake. Akaweka amarwa kando. Akamimina kutoka kwenye dumu kwenye pembe yake ya kunywea.

Nilipiga kelele. Wakati huo huo watu wakamwambia Chacha akanyage mafuta, wasikie. Akakanyaga. Gari likanguruma, ng'ombe wakaruka, akina mama wakapiga vigelegele. Sijisikii hata mwenyewe. Nikakimbia. Shangazi Wankuru kanishika kanga, anadhani nimepandwa na wazimu, aniache nivuke zizini mbele ya wazee? Nikaiacha kanga mkononi mwake.

Alimeza. Nimeona koo likishuka. Akapuliza juu ya boneti, ukungu mzuri, mwembamba, jua likapita ndani yake. Akaonja tena. Nilipomfikia nikaipiga ile pembe ikaanguka. Wazee wakaguna. Chacha akazima gari, kimya kikaja, na katika kimya hicho baba yangu akaniambia kwa upole, "Robi, binti yangu, mbona tamu?"

Nimemwambia twende hospitali sasa hivi. Akacheka. Nimepiga magoti. Nimewaeleza wazee, nimeeleza macho, nimeeleza yote. Mzee mmoja akasema kila kitu hapa huandikwa sumu. Wakacheka wote. Tata hana kitu, amechangamka, anaongea na Chacha kwa mara ya kwanza tangu duara litoe dhahabu. Ameshika bega la Chacha. Anasema haondoki kwenye sherehe ya mwanawe kama mgonjwa. Chacha ananiangalia, anamwangalia Tata, hajui. Alikuwa na furaha sana. Nimeona akichagua kuamini furaha.

Nilichoweza ni kimoja. Akaomba amarwa, nikamnyang'anya mrija wa kunywea. Nikamwambia Mama aondoe chungu. Nimesimama mbele ya chungu kile mpaka wazee wakaondoka wameudhika. Angalau asiongeze pombe juu ya ile. Angalau hilo.

Nalala hapa Nyamwaga. Simwachi.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi. Ameamka vizuri. Kichwa kinamuuma kidogo. Ameoga. Amekunywa uji. Ananitania, ananiita daktari wa matrekta. Mama ananitazama kwa jicho la kusema, umetuaibisha bure. Chacha naye kalala hapa, katoka kumwonyesha Tata ndani ya gari. Wamekaa humo wawili, milango wazi, wanaongea. Ningekuwa sijui ninachojua, ingekuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Lakini sumu hii hukaa kimya kwanza, hilo nalijua. Nimemwomba tena. Amekataa tena. Mtu mzima, baba yangu, siwezi kumfunga kamba.

Adhuhuri. Ametapika. Anasema ni uji. Anapumua haraka kama aliyepanda mlima.

Kisha akakaa kwenye kiti, akatazama upande wa mgomba, akauliza nani anachoma shamba siku ya Bwana. Hakuna aliyechoma kitu. Mbingu ni safi kabisa. Akasema moshi huu mweupe, jamani, hamuoni?

Chacha alikuwa amesimama mlangoni. Nimeona uso wake ukielewa.

Alasiri. Tumemleta Tarime kwa gari la bluu. Mimi nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Vumbi, mashimo, kisha lami, na kwenye lami Chacha akakanyaga. Pampu ikalia nyuma ya mgongo wangu. Ukungu ukaingia. Injini ikaimba, haikugonga, haikuchemka, taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Kila nilichokifunga kimefanya kazi kama nilivyokusudia. Injini iko salama kabisa.

Nilitaka kuipiga kwa nyundo.

Jumatatu, 17 Juni

Daktari ni kijana, mpole, ana macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza alikunywa nini, lini, kiasi gani. Nikajibu vizuri, jina kamili la kitu, bila kubabaika. Akauliza, baada ya hapo alikunywa pombe nyingine? Nikasema hapana. Nikasema kwa kujisifu. Nilimzuia, nikamwambia, nilisimama mbele ya chungu.

Akaandika kitu. Kisha akamwita Chacha, akamtuma grosari akanunue pombe kali, ya chupa, iliyofungwa. Nikadhani sijasikia vizuri.

Nilimfuata kwenye korido kumwuliza. Alinieleza taratibu, kama mtu anayejua neno lake litaumiza. Methanoli yenyewe si kali sana. Mwili unaigeuza, na ile iliyogeuzwa ndiyo inayoua macho. Pombe ya kawaida inauzuia mwili usiigeuze, inaushughulisha. Kwa hiyo wanamnywesha mgonjwa pombe, kwa kipimo, mpaka apatikane mtambo wa kusafisha damu. Hata ile ya nyumbani, nikauliza. Hata amarwa? Akasema si dawa, lakini ingesaidia kuchelewesha. Akasema mimi sikuweza kujua.

Nilisoma yote. Nilisoma ya pampu, ya mpira, ya vali, ya pistoni. Ilipofika ukurasa wa mtu aliyekunywa nilisoma dalili, tiba sikuisoma. Niliona hiyo ni kazi ya hospitali.

Kile ambacho kingemsaidia nilikinyang'anya mkononi mwake. Nilimnyang'anya mrija.

Sijamwambia Chacha. Anajilaumu vya kutosha, na mimi sina nguvu ya kugawana lawama leo.

Jumatano, 19 Juni

Mwanza. Tulikuja na gari la wagonjwa. Mtambo una foleni kama kila kitu. Jana jioni ndipo wamemwunganisha. Damu inatoka kwenye shingo, inazunguka kwenye mtambo, inarudi. Muuguzi anausikiliza kama ninavyosikiliza injini. Nilitaka kumwuliza kichujio kiko wapi.

Tata amelala. Chacha kakaa sakafuni korido, viatu amevua, hataki kiti. Mwita kapiga simu analia. Anasema aliandika. Nimemwambia najua uliandika.

Jumamosi, 22 Juni

Atapona. Wamesema figo zimerudi, moyo uko sawa, anaongea vizuri, anakula.

Daktari wa macho amemmulika tochi muda mrefu. Tata akasema mwanga anauona kwa mbali, upande mmoja. Daktari akazima tochi, akasogeza mkono, akauliza vidole. Tata akataja namba, kwa sauti ya mtu anayekisia. Daktari hakuwa ameinua kidole hata kimoja.

Nilitoka nje. Nimelia kwenye maegesho ya pikipiki, watu wanapita. Sikujali.

Chacha kaniuliza kama yatarudi. Sikuweza kusema hapana, nikasema tusubiri. Mimi ambaye huwaambia watu ukweli hata wa nozeli ya shilingi mbili.

Jumanne, 2 Julai

Tumerudi Nyamwaga. Mama anamshika mkono kwenda chooni, anamwambia jiwe, kizingiti, jiwe. Watu wanakuja kumpa pole, wanaongea kwa sauti kubwa utadhani ni kiziwi. Wale wazee waliocheka wamekuja pia. Wamekaa. Hawakujua pa kuweka macho yao. Na mimi nilikuwa nawatazama kila mmoja, sikuwasaidia.

Gari liko Tarime kwenye gereji yangu. Nimetoa tangi, mpira, nozeli, kila kitu. Nimebaki na dumu la njano karibu kujaa, na la kwangu jekundu. Sijui pa kuimwaga methanoli hii. Chooni, itakwenda kwenye maji ya kisima. Mtoni, ng'ombe wanakunywa. Kuichoma, moto wenyewe hauonekani, atakuja mtoto wa mtu akimbie katikati yake. Kuirudisha ng'ambo, nani aibebe, apite wapi, aonjwe na nani? Nimeifungia kabatini. Inakaa pale kama mpangaji asiyehama.

Chacha hajaja nyumbani. Yuko Nyakunguru. Wanasema anashuka shimoni mwenyewe siku hizi, na wachimbaji wake, anakaa huko chini mpaka watu wanamwita. Nimempigia, anapokea, ananiuliza Tata amekula. Nikimwambia njoo, anasema mtandao unasumbua.

Tata hajamtaja hata mara moja. Sijui kama ni hasira. Nilidhani namjua baba yangu.

Jumapili, 14 Julai

Jua la asubuhi, upepo kidogo. Mama kaenda misa. Nimebaki na Tata uani.

Ndevu zimemwota. Hapendi ndevu, maisha yake yote amejinyoa mwenyewe kwenye kile kioo kidogo kilichotundikwa mlangoni. Kioo bado kipo, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitoa. Mama alitaka kumnyoa, alikataa. Nilitaka mimi, alikataa. Leo baada ya chai akasema, "Mwiteni mura aje aninyoe."

Nilimpigia Chacha, nikamwambia maneno hayo hayo, sikuongeza. Alikuja na pikipiki ya kukodi, udongo wa shimo bado kwenye masikio. Akasimama nje ya ua muda. Nikamwambia maji yameshapata moto.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

Basi. Akanawa, akamfunga taulo shingoni, akapaka sabuni, akaanza. Amenyoa vizuri. Polepole, kwa kuvuta ngozi na kidole gumba, kama Tata alivyokuwa akijifanyia. Shavu moja, kisha la pili. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Alipofika kidevuni akaacha. Akauondoa wembe. Akabaki amesimama pale pale, mbele ya kile kiti, machozi yanamshuka, amefunga mdomo asitoe sauti.

Tata akasubiri. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Robi," akaita. "Mdogo wako kaenda wapi?"

Magoti yao yalikuwa karibu kugusana.

"Hajaenda, Tata. Yupo."

Akatikisa kichwa kukubali. Akainua kidevu apate kunyolewa, lakini alikuwa ameelekea upande wangu. Chacha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akazunguka, akasimama huko Tata alikoelekea, akaendelea kunyoa.